Laban Muthoka wa Nyumba ya Nduku

Ndugu zetu mliopata viti na nyinyi mliosimama juani, familia imemchagua Mbula, dada mkubwa wa marehemu, awasomee historia hii, na kabla hajaanza mjue kwamba hakuchaguliwa kwa sababu ya sauti nzuri, alichaguliwa kwa sababu katika boma hili ndiye asiyeamini mtu kirahisi, na juma hili familia ilihitaji mtu wa namna hiyo. Ameiandika kwa mkono wake, hakumpa mtu aipige chapa, na ataisoma yote, hata pale ambapo baadhi ya waliokaa nyuma wangependa aruke.

Marehemu Laban Muthoka Nduku alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Kithimani, mtoto wa pili na wa mwisho wa Kalekye, wa nyumba ya Nduku. Wageni kutoka kazini wataomba waeleweshwe hapo, nao waeleweshwe. Nduku alikuwa mwanamke, alifiwa na mume angali kijana, hakujaliwa mtoto, na kwa kuwa hakutaka nyumba yake izimike alifanya jambo ambalo desturi ya Wakamba inamruhusu mwanamke wa hali yake kulifanya, akapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa posa, kwao Kalekye mwaka 1976, akamwoa, na watoto aliowazaa Kalekye wakawa wa nyumba ya Nduku, wakabeba jina lake, wakamwita susu, yaani nyanya, naye akawalea kama baba anavyolea. Ndoa hiyo inaitwa iweto, haikufanywa kwa kificho, wazee walizila nyama za mbuzi hao mchana peupe, na miongoni mwa waliokula alikuwemo shemeji yake Nduku, baba yake Ndeti, ambaye Kalekye alikuwa akisimulia kwamba aliomba aongezewe. Ndeti mwenyewe yuko hapa leo, amekaa karibu na lango.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa Kithimani Januari 1990 na kumaliza darasa la nane mwaka 1997, na shida ya jina ilianza siku ya kwanza, kwa kuwa mwalimu alipouliza jina la baba naye akajibu Nduku, darasa zima liliangua kicheko, mwalimu akadhani mtoto anamchezea, akamrudisha nyumbani akamlete mzazi. Susu alikwenda mwenyewe, amejifunga leso mbili na kitambaa kichwani, akasimama mbele ya meza ya mwalimu akasema baba aliyeitwa amefika, na kuanzia siku hiyo jina halikuulizwa tena pale shuleni. Alisoma sekondari kuanzia 1998 hadi 2001, na alipokwenda kuchukua kitambulisho Mbula alifuatana naye, akasimama nyuma ya karani mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu karani yule alikuwa na tabasamu la mtu anayetaka kurekebisha mambo yasiyomhusu. Mwaka 2003 akaingia chuo Nairobi kusomea kompyuta, akamaliza 2005, na kwa muda wote huo dada yake aliamini kwamba hakuna masomo ya maana ambayo mtu anayafanya akiwa ameketi.

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa na kampuni ya vigae ya Ngao Nyekundu, Athi River, mwanzoni kama mtu wa kutengeneza kompyuta zikikwama, na mwaka 2014 akapewa kazi ya kusimamia mtandao wa ndani wa kampuni, kazi aliyoifanya hadi mwisho wa maisha yake. Mbula alipoelezwa kwamba ndugu yake anasimamia mtandao ambao mtu aliye nje ya kampuni hawezi kuufungua hata akijua anwani yake, aliuliza kitu gani kinafichwa humo, na marehemu akacheka, akasema ni kama ubao wa matangazo ulio ndani ya simu, mfanyakazi anaangalia zamu yake, anaomba likizo, anatafuta namba ya mwenzake. Mbula alilipokea jibu hilo lakini hakulimeza.

Na si yeye peke yake aliyeshuku. Marehemu aliukuta mtandao ule umeachwa kama shamba lisilo na mtu, chakula cha kantini kilichoandikwa humo ni cha miaka iliyopita, maelezo ya usalama ni ya mashine iliyokwisha kuuzwa, na katika namba za simu kulikuwa na za watu waliohama na za watu waliozikwa. Wafanyakazi wa tanuri walikuwa wanaamini kwamba ukifungua ukurasa wowote jina lako linapelekwa kwa wakubwa, kwa hiyo walimwachia nyapara wao afungue kwa niaba ya wote, anawasomea kwa sauti wakati wa chai, na wakubwa nao wakiona kwamba sehemu nzima ya tanuri amesoma mtu mmoja tu, wakawashuku kuwa wakaidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, juu wanawashuku wa chini, chini wanawashuku wa juu, na katikati yupo Laban na kompyuta yake, akishukiwa na wote.

Hakugombana na mtu. Alianza kwenda kantini, anamwita mfanyakazi mmoja, anampa simu, anamwomba atafute ukurasa wa likizo, kisha anakaa kimya akitazama vidole vyake vinakokwenda na mahali vinapokwama, na kwa kuwa hakuwa akisema lolote watu walidhani ni mtihani wa kuwafukuza, wawili wakajifanya wagonjwa ili wasifikiwe. Kumbe alikuwa anajifunza kwamba hakuna mtu duniani anayetafuta rasilimali watu, watu wanatafuta likizo, mshahara, zamu na msiba, naye akayapanga mambo kwa majina hayo, akayaweka kwa Kiswahili, akayafanya mepesi ili yafunguke hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Kila ukurasa akaupa mwenyewe, mtu aliye hai na anayepokea simu, na ukurasa ambao mwenyewe ameondoka kazini na hakupatikana wa kuurithi, aliuondoa. Ule utaratibu wa kuweka majina ya waliofungua kurasa aliufuta kabisa, na alipoulizwa na wakubwa ni kwa idhini ya nani alijibu kwamba mtu anayejua anachunguliwa hasomi, na wao walitaka watu wasome.

Marehemu alifunga ndoa na Winfred Mwende tarehe 11 Desemba 2010, wakaishi Syokimau, na Mbula alimshuku Winfred kwa muda mrefu kwa sababu alimtafutia kasoro asiipate, jambo ambalo lilimtia wasiwasi kuliko kasoro yenyewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nduku aliyezaliwa 2012 na Kyalo aliyezaliwa 2016, nao wako hapa mbele na mama yao. Winfred amemstahimili wifi yake kwa adabu ambayo wifi hakuistahili, na hayo yasemwe leo akiwa anasikia.

Sasa tunafika mahali ambapo wengine wangependa parukwe. Susu Nduku alifariki tarehe 9 Agosti 2015. Wakati huo mtandao wa zamani ndio uliokuwa ukitumika, na sehemu ya kuombea likizo ya msiba ilikuwa bado haijaguswa, inauliza jina la baba na jina la mama, ukiandika jina la mwanamke mahali pa baba inakataa kusonga mbele, na marehemu alipoajiriwa mwaka 2009 alikuwa amehangaika nayo mpaka akakuta kwamba neno pekee inalolikubali ni neno hakuna, akaliandika ili aanze kazi. Basi alipoomba ruhusa aje kumzika Nduku, ofisi ilimjibu kwamba kulingana na maandishi yake mwenyewe hana baba wa kumzika, na huyo Nduku hayumo kati ya wazazi aliowaandika. Alikuja hata hivyo, akamzika susu yake, akarudi kazini akakuta barua ya onyo.

Kisa hicho hakikupotea bure kazini, kwa maana mtandao mpya ulipowashwa tarehe 4 Januari 2016 swali la baba halikuwemo tena, na hapo ndipo ilipo sehemu ya kazi yake ambayo familia haikuijua mpaka juma hili. Kilichojulikana hapa nyumbani ni kwamba tangu susu azikwe Ndeti alianza kulima ndengu karibu na kaburi lake, kila msimu anasogea kidogo ndani ya shamba la nyumba ya Nduku, na Kalekye aliyekuwa akimkemea naye alifariki mwaka 2020. Mbula alikuwa anaona, na hakuwa akisema sana, lakini alikuwa anaona.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 marehemu alipatikana na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu huko Machakos, na katika kipindi hicho chote alikuwa anakuja mwanamke mmoja wa kazini, Rehana, mzaliwa wa Machakos mjini, aliyekuwa msaidizi wake na ambaye ndiye aliyekuwa akifundishwa kuishika kazi ile, analeta uji kwenye chupa, anaketi, wanazungumza habari za kurasa na vitufe. Mbula hakuupenda uji ule. Mtu anayesubiri kiti chako anakuletea uji kwa nini, alimwuliza Winfred, na kila mara chupa ilipofika aliifungua, akanusa, akamimina kidogo kikombeni, akanywa yeye kwanza, akakaa akisubiri atakufa au la, huku Rehana anamtazama na marehemu amegeukia ukutani mabega yakimtikisika kwa kicheko. Hakufa, na uji ulikuwa mzuri, lakini hakuacha kunusa.

Marehemu alituacha alfajiri ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025. Aliagiza alazwe kando ya susu, na Winfred akaja na maneno hayo hapa, na Jumatano ya juma hili tulipokaa na wazee wa ukoo na naibu wa chifu kupanga mazishi, Ndeti alisimama akavua kofia, akasema kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo Mbula hajawahi kuiamini tangu utotoni: "Mimi sikatai mtu. Lakini Laban mwenyewe aliandika kule kazini kwamba hana baba. Mtu akishasema yeye si wa hapa, sisi tutamweka hapa kama nani?" Wazee walitazamana, Winfred akainamisha kichwa, na shauri likaahirishwa hadi Ijumaa, maiti ikiwa bado mochari na nyinyi wageni mmekwisha kualikwa.

Hapo ndipo Mbula alipojua, au alipofikiri kwamba anajua. Neno hilo lilikuwa ndani ya mtandao ambao mtu wa nje hawezi kuufungua, Ndeti ni mtu wa nje, basi kuna mtu wa ndani aliyemfungulia, na wa ndani mwenye funguo sasa alikuwa mmoja tu, yule wa uji. Alhamisi alikwenda Athi River, akakaa kwenye mapokezi ya kampuni akikataa maji waliyompa, na Rehana alipotoka alimwambia mbele ya askari wa lango kwamba amempa Ndeti lile neno hakuna, amemuuza Laban kabla hata hajazikwa. Rehana hakupandisha sauti. Alisema, "Dada Mbula, mimi niliajiriwa 2018. Ule mtandao wa zamani Laban aliuzima 2016, na vitu vyake akavifuta. Hiyo 'hakuna' unasema, mimi sijawahi kuiona na macho yangu."

Mbula alibaki amekaa pale akihesabu miaka, na hesabu ikamkatalia, akarudi nyuma kutafuta ni nani mwingine aliyelijua neno hilo, akafika Agosti 2015, kwenye matanga ya susu, katika boma hili hili, ambapo Laban alisimama katikati ya watu wanaokunywa chai akawasimulia jinsi mashine ya kazini ilivyomlazimisha aandike kwamba hana baba, na ofisi ilivyomjibu kwamba basi hana wa kumzika, watu wakacheka hadi wakamwaga chai, Mbula naye akiwa na birika mkononi anacheka. Ndeti alikuwa amekaa hapo hapo. Alicheka pia, akalibeba neno akaenda nalo nyumbani, akaliweka miaka yote hiyo. Hapakuwa na mtu wa ndani aliyesaliti, siri ilitoka kwa mwenyewe, kwa furaha, akiwa kwake.

Hakumwomba Rehana msamaha pale, kwa maana ulimi wake haujazoea njia hiyo, alimwomba kitu kingine, aje Kithimani kesho yake awaambie wazee Laban alijiita mtu wa nani. Na hata alipokuwa anaomba alikuwa na shaka kama atakuja.

Alikuja. Ijumaa asubuhi aliketi mahali alipoonyeshwa, mtandio kichwani, mgeni peke yake kati ya wazee wa ukoo usio wake, na alipoulizwa alisema hivi, na Mbula ameyaandika kama yalivyosemwa: "Laban alitoa hilo swali la baba. Akaweka lingine, linauliza, wewe ni wa nyumba ya nani? Mimi nililelewa na Ummi, shangazi yangu, sina mwingine. Alipokufa 2019 niliandika jina lake, nikapewa ruhusa saa hiyo hiyo, nikamzika siku hiyo vile dini yetu inasema. Kwa ule mtandao wa zamani Ummi hangekuwa mtu wangu. Na watu walikuwa wanaogopa kujaza, wanafikiri ni mtego, kwa hivyo Laban akaweka mfano pale juu, akatumia jina lake mwenyewe. Laban Muthoka, nyumba ya Nduku. Iko hapo mpaka leo. Watu wote wa kiwanda wamesoma hiyo."

Ndeti alisema kwamba hayo ni maswali ya kompyuta, ukoo hauulizwi hivyo. Mzee aliyekuwa akiongoza kikao, ambaye alizila nyama za ntheo mwaka ule wa 1976 na bado anazikumbuka, alimgeukia akamwambia, "Si ndivyo tunavyoulizana hapa tangu zamani? Baba yako alikuwa na wake watatu. Wewe Ndeti, ni wa nyumba ya nani?" Na Ndeti, kabla hajajizuia, akalitaja jina la mama yake.

Mzee aliomba jembe, vijana wakang'oa ndengu, na kaburi mnaloliona limechimbwa pale pale marehemu alipotaka, ubavuni mwa susu yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Machakos waliomhudumia, hata yule aliyejibu maswali ya Mbula kila asubuhi na kujibu hayo hayo kila jioni. Inawashukuru majirani wa Syokimau waliompeleka hospitali kwa magari yao, majirani wa Kithimani kwa maji na kuni, mchungaji, wazee wa ukoo na naibu wa chifu. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa Ngao Nyekundu, wa ofisini na wa tanuri, mliokuja mmekaa pamoja, jambo ambalo marehemu angelifurahia. Inamshukuru Rehana, na huo msamaha ambao haukutoka Alhamisi unatoka sasa, mbele ya watu wote hawa, Rehana, Mbula amekukosea na anakuomba umsamehe, na wakati wa chakula uje ule naye sahani moja.

Ndeti naye ameletewa kiti asogee mbele, kwa kuwa ni ndugu na atatia udongo kama ndugu wengine. Mbula atakuwa amesimama karibu yake, na hataondoka mpaka sepetu ya mwisho, kwa sababu msamaha ni kitu kimoja na kumwamini mtu ni kitu kingine.

Laban Muthoka, mume wa Winfred, baba wa Nduku na Kyalo, ndugu yangu wa pekee, maana hapa kujiita Mbula kama mtu mwingine kumenishinda, wewe ni wa nyumba ya Nduku, na hakuna atakayekuuliza tena. Lala hapa kwako, kwa amani.